Rezo kati ya Goma na Idjwi: yale mwanzi wa mita tano ulinifundisha

Simu yangu ilionyesha vijiti viwili vya rezo, ule mtandao wa simu, na bado haikuwa inapiga. Ndiyo kitu ya kwanza nakumbuka juu ya ile jioni ya 2019, tuko katikati ya ziwa Kivu, tumetoka kisiwa cha Idjwi, upande wa kaskazini, tunakwenda Goma na mananasi na mifuko ya kahawa na watu 17, moteri imekohoa mara tatu ikanyamaza, na giza linashuka. Nilipiga, nikapiga, nikapiga tena. Inajaribu kuita, inakaa sekunde kumi hivi, inakatika. Mama mmoja aliyekaa pembeni yangu alikuwa na simu ya vitufe, yeye pia vijiti viwili, yeye pia inakatika. Kila mtu mu boti alikuwa ameinua simu juu ya kichwa na hakuna hata mmoja aliyempata mtu wake.

Na roho za watu hazikuwa zimetulia, juu mwezi wa nne mwaka huohuo boti ilikuwa imezama upande wa Kalehe, watu wengi wakapotea, mpaka Rais Tshisekedi akafika kule na kuagiza kila msafiri wa ziwani avae jile, ile fulana ya kuelea. Sisi jile tulikuwa nazo, si zote nzima. Watoto wawili walikuwa wanalia. Upepo ulikuwa unatusukuma polepole na hakuna aliyejua vizuri unatupeleka upande gani.

Kapteni wetu alikuwa mzee wa Idjwi, papa mtulivu sana, sijawahi kumsikia akipaza sauti. Akanitazama, juu mimi ndiye nilikuwa fundi wa umeme wa ile boti, mtu wa taa na batri, akasema: "Mwanangu, acha kupiga. Andika mesaji."

Nikamwambia, papa, haipiti.

"Andika tu. Sema tuko wapi, tuko wangapi. Halafu unipe hiyo simu."

Nikaandika kwa patron, mwenye boti, pale bandari ya Kituku, Goma: moteri imekufa, tumepita kisiwa, tunaelea, watu 17, wote wazima. Papa akachukua simu, akaitia mu kimfuko cha plastiki, akaifunga kwa uzi wa nyavu kwenye ncha ya upondo, ule mwanzi wa kusukumia boti ukikaribia nchi kavu, urefu wake kama mita tano. Akaniambia nibonyeze kutuma, nikabonyeza juu ya plastiki, akausimamisha upondo wima katikati ya boti na kuushika kwa mikono miwili. Watu wote wakanyamaza. Unasikia maji tu yanapiga mbao. Baada ya dakika moja akaushusha, mesaji imekataa. Akasema tena. Mara ya pili imekataa. Mara ya tatu, upondo ungali juu, tukasikia kule juu gizani ile sauti ndogo ya simu, tii-tii, mesaji imeingia! Patron alikuwa amejibu: "Nakuja. Washeni taa." Mama mmoja akaanza kuimba wimbo wa kanisa na wengine wakaitikia.

Boti ya patron ilitufikia karibu saa tatu ya usiku. Moteri ilikuwa nzima, shida ilikuwa esansi, ile petroli, tuliyonunua kwa kadafi, wale wauzaji wa barabarani, ilikuwa na maji ndani. Lakini mimi ile usiku nilirudi nyumbani Himbi nikiwaza mwanzi tu. Simu ilikuwa ileile, rezo ileile, mahali palepale, kilichobadilika ni mita tatu na kidogo za kimo. Toka siku ile nimekuwa nikihangaika na hii kitu ya rezo mu boti na mu gari, mwaka baada ya mwaka, nimepoteza pesa, nimesoma sana, nimepanda juu ya mapaa ya motokari nyingi, na naandika hapa kwa sababu naona watu bado wananunua vitu kabla ya kuelewa shida yao iko wapi.

Kwanza ile mambo ya vijiti. Vijiti vinakuonyesha wewe unausikiaje mnara, havikuonyeshi mnara unakusikiaje wewe. Mnara unatuma kwa nguvu ya wati makumi, simu ya GSM, yaani 2G, kwenye masafa ya megahezi 900 mwisho wake ni wati 2, na kwenye 4G simu inatuma wati 0.2 tu. Ni kama mhubiri mwenye bafle, kile kipaza sauti, pale uwanjani na wewe uko mtaa wa pili unamjibu kwa mdomo, unamsikia vizuri sana, yeye hakusikii hata kidogo. Ndiyo maana mu ziwa unaona vijiti viwili na simu inakatika. Na mesaji inapita pale sauti inaposhindwa juu mesaji ni kitu kidogo, inahitaji nafasi ya sekunde chache tu, lakini sauti inataka njia ibaki wazi muda wote unapoongea.

Halafu kimo. Ukikaa mu boti kati ya mifuko na watu, simu iko mita moja na nusu hivi juu ya maji, na miili ya watu imekuzunguka, na mwili wa mtu ni maji, unameza mawimbi. Dunia nayo ni mviringo, hata ziwa limepinda. Simu ikiwa mita 1.5 juu ya maji upeo wake kwa mawimbi ya redio ni kama kilomita 5, ukiipandisha mita 5 upeo unafika kilomita 9. Mnara wa mita 40 ulio karibu na maji wenyewe una upeo wa kilomita 26, unajumlisha na wa kwako. Sasa toka ncha ya kaskazini ya Idjwi mpaka Goma ni karibu kilomita 30, unaona vile tulikuwa tunachezea ukingoni kabisa. Na kuna jambo lingine ambalo fundi wengi hawalijui: mawimbi yanakufikia mara mbili, moja kwa moja toka kwa mnara na mengine yamegonga maji kwanza, na ukiwa chini karibu na maji hayo mawili yanauana. Ukiongeza kimo mara mbili, nguvu inayokufikia inakaribia mara nne. Toka mita 1.5 mpaka mita 5 ni karibu mara kumi. Ampli, kile kifaa cha kukuza rezo, ya kukupa mara kumi unainunua kwa dola ngapi? Mwanzi wa papa ulikuwa wa bure.

Lakini mimi wakati ule sikujua hesabu hizo, nilijua tu kimo kinasaidia, na badala ya kumfuata papa nikaenda Birere kununua ampli. Dola 85, pesa ya miezi. Muuzaji alinihakikishia inafanya kazi popote. Ina antene ya nje, ina antene ya ndani, unaunganisha na batri ya volti 12, taa ya kijani inawaka. Nikaifunga mu boti, antene ya nje nyuma kwenye bomba la taa, ya ndani mbele chini ya turubai, kati yao kama mita mbili na nusu. Tukaingia ziwani. Taa ikageuka nyekundu na rezo ikapotea kabisa, hata ile ndogo tuliyokuwa nayo. Nikaizima, rezo ikarudi. Nikaiwasha, ikapotea.

Nilichukua muda kuelewa. Ampli inachukua sauti ya nje inaikuza na kuitoa ndani, sasa kama antene ya ndani na ya nje zinaonana, ile ya nje inasikia ya ndani, ampli inajikuza yenyewe, inapiga yowe, sawa vile mikro ukiisogeza mbele ya bafle kanisani. Mu nyumba ya matofali kuna ukuta na paa la bati la kuzitenganisha. Mu motokari kuna paa la chuma. Mu boti ya mbao hakuna kitu, mbao haizuii. Na kibaya zaidi, ile yowe haibaki kwako, inarudi mpaka kwa mnara na kuusumbua, watu wengine wa eneo lile wanakosa rezo kwa sababu yako. Ndiyo maana vifaa kama hivyo vina sheria, kwetu ni ARPTC inayosimamia mambo ya mawasiliano, na mtu asifunge tu ampli yoyote aliyoiokota sokoni. Mimi niliitoa nikaiweka kabatini na sijaifunga tena kwenye boti yoyote.

Baada ya hapo nikajaribu antene yenyewe, bila ampli. Nilipata ruta ndogo ya 4G yenye matundu mawili ya antene nyuma, nikafikiri, basi naweka ruta chini ya kiti cha kapteni mahali pakavu, antene juu ya mwanzi, waya unashuka. Waya mita 15, ule mweusi mwembamba unaouzwa pamoja na antene. Nikapanda na furaha. Matokeo: ruta ilipata rezo mbaya kuliko simu iliyo mkononi mwangu!

Hapo ndipo niliacha kuamini vijiti nikaanza kusoma namba. Kwenye Android ingia mipangilio, kuhusu simu, hali ya SIM, utaona nguvu ya mawimbi imeandikwa kwa dBm, na namba ina alama ya kutoa. Kwa rezo ya sauti ya kawaida, -70 ni nzuri sana, -95 inakwaruza, ukipita -105 unaomba Mungu. Kila ukipoteza dB 3 nguvu imebaki nusu, ukipoteza 10 imebaki sehemu moja ya kumi. Sasa ule waya mweusi mwembamba, ambao jina lake ni RG58, kwenye megahezi 900 unakula kama nusu dB kila mita. Mita 15 ni 7 na zaidi. Antene yangu ilikuwa inaongeza 5, waya unakula 7, nilikuwa nimelipa pesa ili nipoteze. Na kitu ilinishangaza, ule waya mnene wa televisheni, wa kushusha toka kwa sahani, ambao kila mtaa wa Goma unauona unaning'inia, wenyewe unakula kama 0.2 tu kila mita, na ingawa wenyewe ni wa omu 75 na vifaa vya simu ni vya omu 50, tofauti hiyo inapoteza kidogo sana, haifiki hata robo ya dB. Waya mzuri kabisa wa kazi hii ni LMR-400, kama 0.13 kila mita, lakini ni mgumu kuupinda na bei yake si ya kapteni wa Idjwi.

Mwisho nikageuza fikra. Kwa nini rezo ishuke mita 15 mu waya? Waya wa rezo uwe mfupi, waya wa umeme ndiyo uwe mrefu. Nikaipandisha ruta yenyewe juu ya mwanzi! Nilichukua kopo la plastiki la chakula lenye mfuniko wa kubana, nikaweka ruta ndani na antene zake mbili zimesimama wima, nikatoboa matundu mawili madogo upande wa chini ili maji yakiingia yatoke, nikapaka rangi nyeupe nje juu jua la ziwani saa sita lingeipika, nikashusha waya wa umeme wa milimita 1.5 mpaka kwenye batri ndogo ya ampea-saa 7, na fuzibile (fyuzi) karibu na batri. Ruta ile inakula kama nusu ampea, batri inaibeba safari nzima na kubaki. Wifi inashuka yenyewe mpaka kwa watu mu boti. Siku ya kwanza tuliyojaribu, papa alikuwa anamwona mjukuu wake wa Bukavu kwa video ya WhatsApp tukiwa mahali ambapo kabla hata mesaji ilikuwa inakataa. Hakusema kitu, alishika tu kioo cha simu kwa kidole.

Nilikosea mengine madogomadogo ambayo naona wengi wanakosea. Ile antene ya sumaku ya kubandika juu ya gari, haifanyi kazi yake bila chuma chini, chuma ndiyo nusu ya pili ya antene. Kwenye boti ya mbao au ya faiba lazima uipe sahani ya chuma, kwa megahezi 900 inatosha kama sentimita 8 kila upande toka katikati. Mimi nikakimbilia mfuniko wa sufuria, sumaku ikakataa kushika juu ni aluminiamu, nikahangaika na skochi, ule utepe wa gundi, mpaka nikakumbuka mfuniko wa ndoo ya rangi, ule wa bati, sumaku ikashika kwa nguvu. Na usinunue antene yenye namba kubwa ukidhani kubwa ni bora. Antene ndefu ya dB 9 au 12 inabana mawimbi yake yawe bapa kama chapati, kwenye nyumba ni sawa, lakini boti inalala kushoto na kulia na ile chapati inaenda angani halafu inaenda ndani ya maji. Kwa boti ndogo 3 mpaka 5 zinatosha. Zile za kuelekeza upande mmoja, sawa na za televisheni ya zamani, uziache kwa watu waliotia nanga, maana boti ikigeuka umeshapoteza mnara.

Fishi, vile vichwa vya kuungia waya, ndizo zinaua kazi nzuri. Maji ya Kivu si ya chumvi kama bahari lakini unyevu ni uleule, ukifungua fishi baada ya miezi michache unakuta shaba imegeuka kijani. Mimi nafunga kwanza skochi, halafu nakata kipande chembamba cha mpira wa ndani wa tairi nakizungusha nikikivuta kwa nguvu mpaka kinabana, toka chini kwenda juu ili maji yateleze nje ya maungio. Na waya kabla ya kuingia kwenye kopo unauacha ushuke kidogo chini halafu upande, tone linaishia pale kwenye mpindo badala ya kuingia ndani.

Watu wananiambia mvua inakula rezo. Kwa masafa ya simu zetu mvua haina nguvu hiyo, hata ile ya mwezi wa kumi na moja inayofuta milima yote machoni. Kinachotokea ni mnara kukosa umeme, jua halijapiga sahani zake za sola siku mbili au mazutu, ile dizeli, yamekwisha, au maji yameingia kwenye fishi zako mwenyewe. Angalia fishi zako kwanza.

Kuna jambo lilinichukua muda kulielewa, nililiona zaidi upande wa kusini ambako ziwa ni refu. Unaona kabisa mnara juu ya mlima, anga safi, namba ni nzuri, -88, na simu inakataa kuingia. GSM ya kawaida imepangwa kwa muda, kila simu ina sehemu yake ndogo ya kusema, na simu iliyo mbali sauti yake inachelewa kufika, mfumo unavumilia mpaka kama kilomita 35, ukizidi hapo mnara unakukataa hata kama unakusikia vizuri. Milima yetu ni mirefu, maji yenyewe tu yako mita 1,460 juu ya usawa wa bahari na milima inazidi sana hapo, kwa hiyo mawimbi yanafika mbali kuliko sheria ya muda inavyoruhusu. Pale dawa si antene. Simu inabidi ishike mnara mwingine wa karibu hata kama namba yake ni mbaya, kwa hiyo unazima simu na kuiwasha, au unatia mode ya ndege sekunde kumi na kuitoa, itafute upya.

Na kuchagua rezo ya kampuni gani ni muhimu sana kwetu juu tuko mpakani. Idjwi watu wengi wanashika rezo ya Rwanda bila kutaka, na hata Goma ukiwa karibu na Gisenyi. Simu inaona ile ya ng'ambo ina nguvu zaidi, inahamia, mayunite, lile salio la simu, yanakwisha na hujaongea dakika mbili. Ingia mipangilio, chagua rezo kwa mkono, usiiache ijichagulie. Ukiwa mahali penye rezo dhaifu funga simu kwenye 2G peke yake, sauti itapata, na batri haitakwisha ikitafuta 4G isiyokuwepo. Simu inayotafuta rezo inakula batri kuliko simu inayoongea kidogo, wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo, wanajua, wanazima kabisa usiku na kuwasha kwa saa walizokubaliana na watu wa nyumbani.

Upande wa motokari nilifundishwa na shofere mmoja, yaya yangu, kaka yangu mkubwa, wa Bukavu, anabeba dawa kwa jeep kwenda Bunyakiri na Hombo. Njia ile inapita ndani ya mbuga ya Kahuzi-Biega, miti mirefu yenye maji, mabonde, kona, na mlima Kahuzi wenye mita 3,308 unakuziba upande mzima. Alikuwa na antene ya sumaku lakini ameibandika kwenye boneti mbele, ili aione. Nikamwomba tuihamishe katikati ya paa. Akasema, "Dogo, kule juu kuna porbagaji na bidoni." Na kweli ndiyo ilikuwa shida, juu ya porbagaji, ile fremu ya kubebea mizigo, mabidoni (madebe) ya chuma yamepangwa kuzunguka mahali pazuri. Tukaondoa bidoni mbili mpaka nyuma, tukaweka antene katikati ya paa, tukapima palepale bila kusogeza gari: boneti -101, paa -94. Saba tu, lakini saba ni mara tano ya nguvu. Ndani ya gari simu mfukoni ilikuwa -108, juu gari la chuma ni sanduku, mawimbi yanaingia madirishani tu. Bila antene yoyote, simu ikae juu ya dashibodi karibu na kioo, usiitie mu mfuko wa suruali chini ya mlango. Na kama vioo vina ile karatasi nyeusi ya kung'aa yenye chuma ndani, fungua kioo unapopiga, utaona namba inabadilika palepale.

Yaya alinipa pia kitu ambacho hakuna kifaa kinakupa. Ana daftari. Kila mahali alipowahi kupata rezo kwenye njia ile ameandika: baada ya daraja la tatu, simama kwenye mti uliokatika, tazama nyuma. Miaka sita ya kona na vilima. Akifika pale anasimama, anazima moteri, anapanda juu ya porbagaji, anatuma mesaji zote alizoandika njiani. Kuzima moteri ana sababu, kuna zile shaja za bei ndogo za kuchomeka kwenye tundu la sigara zinatoa kelele ya umeme inayoziba mawimbi dhaifu, tulizima ya kwake namba ikapanda 4.

Tarehe 27 mwezi wa tano 2021, siku tano baada ya Nyiragongo kulipuka, walipotangaza mitaa kumi ya Goma iondoke, nilikuwa bandarini asubuhi. Sijawahi kuona watu wengi vile, magodoro, mbuzi, wazee wamebebwa mgongoni. Antene nzuri haikusaidia kitu, rezo ilikuwa na nguvu kamili na hakuna simu iliyopita, juu mnara una nafasi zake na watu walikuwa maelfu kwa maelfu wanapiga kwa pamoja. Mesaji zilipita, kwa kuchelewa lakini zilipita. Nilizunguka nikiwaambia mama wenye watoto waliopotezana, usipige, andika: jina, uko wapi, unapanda boti gani. Dada mmoja mikono yake ilikuwa inatetemeka hawezi kuandika, nikamwandikia, tukasimama pamoja mpaka jibu likaja. Mtoto wake alikuwa Sake na shangazi.

Kitu kingine nawaomba watu wa boti wakishike: GPS ya simu haihitaji rezo. Wengi wanafikiri bila mega, zile za intaneti, hakuna ramani, lakini ile inasikiliza setilaiti tu, haitumi kitu. Fungua programu inayoonyesha namba za mahali ulipo, ziandike ndani ya mesaji, kama -1.85 na 29.08, na mtu wa bandarini atakukuta hata usiku. Siku ile ya 2019 tungekuwa tumeandika hizo namba, patron hangezunguka saa nzima akitafuta taa yetu.

Papa kapteni hasafiri tena, magoti yanamsumbua, boti iko na mtoto wake. Ruta juu ya mwanzi iko, nimebadilisha kopo mara mbili. Lakini kuna maeneo upande wa magharibi wa kisiwa ambako kuna 2G tupu, ruta ya 4G kule ni kopo jeupe tu, kwa hiyo upondo wa zamani haujatoka mu boti. Umelazwa pembeni, na kwenye ncha yake uzi wa nyavu bado umefungwa, na kimfuko cha plastiki kipya, nakibadilisha mimi mwenyewe kila nikipanda. Mwezi uliopita tulipima tena pale moteri ilipokufa, ziwa limetulia, boti imesimama: simu mkononi -107, simu kwenye ncha ya mwanzi -96. Mtoto wa papa akaandika hizo namba kwa kalamu nyeusi kwenye ubao wa ndani wa boti, karibu na mahali baba yake alikuwa anakaa.